Reli Iliyokimbiwa na Nchi Yake

Reli ya Uganda haikufika Uganda. Au tuseme ilifika, kisha Uganda ikaondoka.

Ilianza Mombasa mwaka 1896, ikavuka nyika ya Taru, ikapoteza watu wake kwa simba wa Tsavo, ikateremka Bonde la Ufa na kupanda upande wa pili, na tarehe 20 Desemba 1901 ikagusa Ziwa Victoria pale Kisumu. Florence Preston, mke wa mhandisi aliyesimamia utandikaji wa reli, ndiye aliyepewa heshima ya kupigilia msumari wa mwisho, na bandari ikaitwa kwa jina lake, Port Florence. Siku hiyo Kisumu ilikuwa Uganda. Zaidi ya pauni milioni 5 zilikuwa zimeliwa, vibarua Wahindi wapatao 2,500 walikuwa wamekufa, lakini jina la reli na mwisho wa reli vilikuwa vimekutana. Vilikaa pamoja miezi mitatu na ushei. Tarehe 1 Aprili 1902, siku ya wajinga, Jimbo la Mashariki la Uganda likakabidhiwa himaya jirani, ile ambayo leo ni Kenya. Uganda ikarudi nyuma, ikaiacha reli yake imesimama ugenini. Garimoshi lilikuja kusikika Tororo mwishoni mwa miaka ya 1920, na Kampala mwaka 1931.

Kabla ya siku hiyo Uganda ilienea hadi karibu na Naivasha. Mumias ilikuwa Uganda, Nakuru ilikuwa Uganda, Kericho vilevile. Kulipokucha zote zikawa kwingine, wala hakuna aliyehamisha hata chungu. Ng'ombe walikamuliwa kama jana. Nabongo Mumia wa Wanga, aliyekwisha kuzoea kushughulika na Waingereza wa Uganda, akajikuta ana Waingereza wa himaya nyingine, na baadhi yao walikuwa ni wale wale: C. W. Hobley, ofisa wa Uganda katika jimbo hilo, alibadilisha himaya pamoja na jimbo lenyewe.

Waliofanya hivyo hawakuwa wendawazimu, na hapo ndipo tafakuri yangu inapoanzia. Walikuwa na sababu, tena nzuri. Reli ya maili zaidi ya 500 ni shida kuiendesha chini ya serikali mbili, kila moja na kamishna wake na hesabu zake. Afadhali iwe yote chini ya mmoja. Karani wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza angekueleza jambo hili kwa dakika kumi na ungetoka ofisini kwake umeridhika. Ila kwa sababu hiyo nzuri, mstari wa mpaka ulikuja kuangukia Busia. Amri ya mwaka 1926 iliuandika vizuri zaidi: mto Sio, mto Malaba, mto Lwakhakha, hadi kilele cha Mlima Elgon. Mito hiyo ndimo watu walimochota maji na kunyweshea mifugo. Wasamia wakabaki huku na huku. Iteso huku na huku. Ukoo mmoja, bendera mbili.

Nimekutana na wasomi wetu wanaopenda sana kuwacheka Wazungu wa zamani, wale wa mwisho wa Zama za Kati, na kusema kweli wanachekesha. Mwaka 1325 miji miwili ya Italia, Modena na Bologna, ilipigana vita ambavyo mpaka leo vinaitwa Vita vya Ndoo. Ndoo ya kisimani, ya mbao. Inasimuliwa kwamba watu wa Modena waliiba ndoo ya Bologna, Bologna wakaidai, Modena wakakataa, na watu wapatao elfu mbili wakafa pale Zappolino. Ndoo haikurudi. Modena wanayo hadi sasa na watalii wanapelekwa kuitazama. Kati ya mwaka 1409 na 1415 Kanisa Katoliki lilikuwa na watu watatu kwa mpigo waliojiita Papa, kila mmoja akiwatenga wengine wawili na wafuasi wao, hivi kwamba Mkristo wa kawaida hakuwa na namna ya kukwepa kutengwa na angalau wawili.

Hata hivyo, ukiichimba ile ndoo unakuta mambo mengine. Modena ilikuwa upande wa Mfalme Mkuu wa Ujerumani na Bologna upande wa Papa, ugomvi uliokuwa na umri wa zaidi ya karne. Kulikuwa na ngome zilizonyang'anywa na mashamba yaliyochomwa. Na inaelekea ndoo yenyewe ilichukuliwa baada ya vita, kama nyara ya kudhihaki. Kicheko kimeitunza ndoo na kuzitupa sababu. Huku kwetu imekuwa kinyume: sababu zimetunzwa London kwenye makabrasha, zimepangwa kwa tarehe na kufungwa utepe, na watu wa Busia ndio walioachiwa ndoo.

Tazama ndoo hiyo inavyobebwa. Mama anavuka na debe la mahindi kichwani, afande anamsimamisha, na yanafuata mazungumzo ambayo mtu yeyote aliyekaa mpakani ameyasikia kwa namna moja au nyingine.

"Mama, hayo mahindi yanatoka wapi?"

"Shambani, afande."

"Shamba liko wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani ni Kenya ama Uganda?"

"Mwanangu, mahindi yamemea pale nilipoyapanda. Sasa wewe nisaidie nipite, jua linaniua."

Akishaitwa mwanangu, afande huwa amekwisha kushindwa. Wala mama hafanyi ujanja tu. Anajibu kwa mantiki iliyo kongwe kuliko swali, mantiki inayojua shamba, nyumba, mvua na msimu, isiyojua uraia wa punje. Machi 2021 Kenya ilipopiga marufuku mahindi ya Uganda na Tanzania kwa ajili ya sumukuvu, uraia wa punje ukawa jambo kubwa la kitaifa kwa siku kadhaa, kisha marufuku ikalegezwa kwa masharti. Sumukuvu ni hatari kweli, inaua, sitanii. Lakini kuvu hana pasipoti, na ghala la upande mmoja wa barabara hupata unyevu ule ule unaopata ghala la upande wa pili.

Tarehe 24 Februari 2018 marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walizindua pale Busia kituo cha pamoja cha mpakani. Ni kitu kizuri, kimepunguza foleni na usumbufu. Ila kitafakari kidogo. Anayekwenda Uganda hagongewi muhuri wa kutoka Kenya akiwa Kenya. Anavuka kwanza, halafu ofisa wa Kenya, aliyeketi katika ardhi ya Uganda, anatumia sheria za Kenya kumtangaza kuwa ndiyo kwanza anatoka. Kwa mita kadhaa huyo msafiri ameshafika asikofika. Wanatheolojia wa Paris wa karne ya 14 wangeshindana mwaka mzima juu ya jambo hili. Busia linamalizwa kwa muhuri mmoja, na mtu anakwenda zake kutafuta chapati.

Upande wa Uganda kuna kisa ambacho kwangu kinaizidi ndoo ya Modena.

Mwaka 1903 Joseph Chamberlain, Waziri wa Makoloni wa Uingereza, aliwapa viongozi wa harakati ya Kizayuni ardhi ya kuwahifadhi Wayahudi waliokuwa wakiuawa Urusi. Mpango huo ukaitwa Mradi wa Uganda, na ndivyo unavyoitwa vitabuni hadi leo. Ardhi yenyewe ilikuwa uwanda wa Uasin Gishu, ambao mwaka mmoja tu nyuma ulikuwa umetolewa Uganda na kutiwa katika himaya ya jirani. Yaani walipewa Uganda isiyokuwa Uganda. Theodor Herzl, kiongozi wa harakati hiyo, alilipeleka jambo hilo Basel kwenye Mkutano wao wa Sita, wajumbe wengine wakalia, wengine wakatoka nje, mwishowe ikaamuliwa iende tume ikatazame. Tume ikaja, ikatembea uwandani, ikarudi, na mwaka 1905 Mkutano wa Saba ukasema ahsante, hapana. Waliokuwa wakiishi uwandani pale hakuna aliyewauliza, wala ardhi ilipotolewa wala ilipokataliwa.

Mkasa ungeishia hapo kama si Semei Kakungulu. Huyu alikuwa jemadari wa Kiganda, Mprotestanti, mmoja wa waliowakamata wafalme Kabalega wa Bunyoro na Mwanga wa Buganda mwaka 1899. Waingereza walimwacha aende mashariki akaitwae nchi ya Bukedi kwa niaba yao. Akaitwaa kweli, kwa ngome, barabara na damu ya watu. Mawakala wa Kiganda waliofuata nyayo hizo walitawala hadi Budama, ilipo Tororo, na Jopadhola wanayo kumbukumbu chungu ya utawala huo. Kakungulu aliamini ameahidiwa kuwa Kabaka wa Bukedi. Waingereza, walipokwisha kuipata nchi, waligundua kwamba hawakuahidi kitu. Wakampunguzia mamlaka kidogo kidogo, mpaka jemadari akabaki Mbale na ardhi yake, wafuasi wake, na Biblia.

Biblia ndiyo iliyowashinda Waingereza. Kwanza alijiunga na Wamalaki, dhehebu lililokataa dawa za hospitali hata chanjo za ng'ombe, jambo lililowakera sana maofisa. Kisha akaendelea kusoma, akafika kwenye tohara, na mwaka 1919 akajitahiri yeye na wanawe. Simulizi ya jumuiya yake inasema wenzake walimwonya kwamba hayo ni mambo ya Wayahudi, naye akajibu kwamba kama ndivyo, basi yeye ni Myahudi. Alikufa mwaka 1928. Jumuiya aliyoiacha karibu na Mbale, Abayudaya, ilivumilia hata miaka ya Idi Amin ambamo ibada yao ilipigwa marufuku. Mwaka 2008 kiongozi wao Gershom Sizomu alitawazwa kuwa rabi baada ya kusoma Marekani, na mwaka 2016 akachaguliwa mbunge.

Weka mambo hayo mawili pamoja. Dola lenye manowari, mawaziri na ramani lilijaribu kuleta Wayahudi Uganda, likashindwa, tena kwenye nchi ambayo haikuwa Uganda. Mzee mmoja aliyedhulumiwa cheo akawapata bila kuwasafirisha: alifungua kitabu akawa wao. Mimi kila nikilifikiria hili nacheka, halafu nanyamaza, kwa sababu imani ya watu wale si mzaha. Wameteseka kwa ajili yake. Lililo la ajabu lina tabia hiyo, kwamba ukilikaribia vya kutosha unamkuta mtu ndani yake, na huyo mtu hachekeshi.

Wa kuchekesha kuliko wote anastahili kusimuliwa kwa uangalifu zaidi. Februari 1976 Idi Amin alitangaza kwamba sehemu kubwa ya Kenya ni mali ya Uganda, hadi kilomita 32 kutoka Nairobi, na kipande cha Sudan juu yake. Wakenya waliandamana. Makuli wa Mombasa wakakataa kugusa shehena ya Uganda. Rais wa Kenya, Mzee Jomo Kenyatta, akasema hata inchi moja haitoki. Amin akarudi nyuma, akasema hakuwa na nia ya vita. Magazeti ya Ulaya yalifurahi sana. Yalikuwa yamemzoea kama kichekesho, yakihesabu medali na vyeo alivyojipa.

Lakini ramani aliyoinua Amin haikuwa ya kubuni. Ilikuwa ile ya kabla ya 1 Aprili 1902, na kwa upande wa Kenya alikuwa, kikaratasi, na hoja. Ndilo jambo linalonisumbua. Ukweli ulioandikwa na kupigwa muhuri unaweza kuwa upuuzi mtupu endapo wanaoishi juu yake wamekwisha kuishi vingine. Mtoto aliyezaliwa Nakuru mwaka 1903 alikuwa na miaka ipatayo 73 siku Amin alipotangaza kwamba ni Mganda. Alikuwa amelipa kodi ya Kenya, pengine amefungwa na serikali ya Kenya, amezika wazazi wake katika ardhi ya Kenya. Maana hujengwa kwa siku za namna hiyo. Karatasi huja baadaye kuomba kiti. Na mstari uliochorwa kwa upuuzi mwaka 1902 ulikuwa umegeuka kuwa kweli kufikia 1976, kwa sababu hiyo hiyo: watu walikuwa wameuzoea, wameutumia, wameulalamikia.

Halafu, ni nani aliyekuwa akicheka? Aliye London alicheka kwa sauti. Aliye Tororo alicheka chini chini, mlango ukiwa umefungwa, kwa kuwa kicheko kingeweza kumtoa roho. Wakati ule ule sukari, chumvi na sabuni zilikuwa adimu Uganda, na watu wakavuka kuzitafuta Kenya kwa magendo. Kahawa nayo ikavuka. Baridi kali ilipounguza mibuni ya Brazil Julai 1975, bei ya dunia ikaruka, na kahawa ya Uganda, ambayo serikali iliinunua kwa bei ya kutupa, ikaanza kusafiri usiku kwenda Chepkube, kijisoko cha mpakani upande wa Bungoma, kilichogeuka ghafla kuwa mahali pa kutengenezea matajiri. Amin alikuwa akiidai Kenya mchana, na mali ya nchi yake inahamia Kenya usiku, kwa miguu, kwa punda, kwa baiskeli. Wakulima hawakujibu hotuba zake. Walibeba magunia.

Busia hiyo hiyo iliwahi kuwa na wabebaji ambao mwandishi wa tamthilia asingethubutu kuwabuni. Walikuwa walemavu wa miguu. Kwa miaka mingi watu wenye baiskeli za magurudumu matatu, zile za kuendeshwa kwa mikono, walikuwa wachukuzi hodari wa mpakani, kwa vile maofisa wa forodha waliwaachia wapite bila kuwasumbua. Baiskeli ikatiwa nguvu kwa vyuma, ikajazwa mafuta, sabuni, unga, nyuma ikasukumwa na vijana wawili wenye miguu mizima ambao kisheria hawakuwa na mzigo wowote. Asiyeweza kutembea ndiye aliyekuwa akibeba mzigo mzito kuliko wote. Wapo waliosomesha watoto na kujenga nyumba kwa kazi hiyo. Ushuru ulipopungua baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuanzisha umoja wa forodha mwaka 2005, faida ya magendo ikapungua, na wengi wao riziki ikayumba. Sera iliyosifiwa kila mahali kwa haki ilikuwa msiba katika mtaa mmoja. Sera zote zina mtaa wa namna hiyo, sema wachache wanaujua.

Tororo, kwa upande wake, ina mwamba wake mkubwa katikati ya mji, na kwenye kitabu cha rekodi cha Guinness iliwahi kuandikwa kwamba kati ya 1967 na 1976 ilipata radi kwa wastani wa siku 251 kila mwaka. Chini ya radi hizo Iteso na Jopadhola wamebishana miaka na miaka jinsi wilaya igawanywe na nani abaki na mji. Sitaingia humo; kila upande una sababu zake, na mgeni anayezicheka sababu za wenyeji huwa hajaelewa lolote. Niseme tu kwamba sehemu ya mabishano hayo imejengwa juu ya mipaka ya kaunti iliyochorwa na watu waliokwisha kwenda kwao zamani.

Kuna kisa kimoja cha Ulaya nimekiweka akiba. Mwaka 1386, mjini Falaise, Normandy, nguruwe jike alihukumiwa kunyongwa kwa kumuua mtoto mchanga. Tunajua habari zake kwa sababu mnyongaji alitia saini stakabadhi ya malipo: sou 10 na denie 10, pamoja na glavu mpya. Kila anayesimulia kisa hiki anawacheka watu wa Falaise kwa kumfikisha mnyama mbele ya sheria. Mimi naona walikuwa na wazo fulani, hata kama lilikuwa la kipuuzi: kwamba mtu au mnyama asipatwe na hukumu pasipo utaratibu, na kwamba kilichotendwa kiandikwe, na aliyeitekeleza hukumu alipwe hadharani.

Mwaka 1902 nao una stakabadhi zake. Zina tarehe, zina saini, zina anwani ya London. Wasamia, Iteso na Wanga, ambao nchi zao zilikuwa zikihamishwa, hawamo hata kama mashahidi. Kwa hiyo nikilazimishwa kuchagua ni uamuzi gani kati ya haya mawili ulikuwa na heshima zaidi kwa mhusika, nauchagua wa Falaise.